Tuta na Mfereji Wake: Kuinuliwa kwa Ardhi katika Mabonde ya Mwanza

Mji wa Mwanza una ardhi ya tabia mbili zisizopatana. Juu kuna vilima vya mawe ya graniti, vilivyojaa nyumba hata karibu na vilele vyake. Chini kuna mabonde membamba ambamo udongo uliochukuliwa na mvua kutoka vilimani umejikusanya kwa karne nyingi. Kata ya Mabatini, ambayo jina lake latokana na mabati, imekaa mahali tabia hizo mbili zinapokutana, katika bonde la mto Mirongo, ambao hupita mjini na kuingia ziwani. Akaaye mlimani hushindwa kuchimba shimo la choo kwa sababu ya jabali. Akaaye bondeni hushindwa kwa sababu ya maji. Washauri wa usafi hutaka kitako cha shimo la choo kiwe juu ya maji ya ardhini kwa kiasi cha mita 1.5 hadi 2. Katika sehemu nyingi za mabonde haya, wakati wa masika, nafasi hiyo haipatikani.

Hata hivyo bonde ndilo linalotafutwa na mkulima wa mboga. Kiangazi, mlima ukiwa umekauka, kijito bado chatiririka, kwa sababu maji yake si ya mvua tu. Ni maji yaliyokwisha kutumika majumbani, ya kuogea, ya kufulia, na ya vyoo vinavyovuja. Maji hayo hayana bei, tena yana mbolea ndani yake, na mchicha hauulizi yametoka wapi. Tabu ni kwamba ardhi ya bondeni imekwisha kushiba. Maji yamwagwayo juu huyakuta maji yaliyoko chini, hewa yafukuzwa katika udongo, na mzizi wafa kwa kukosa pumzi hali majani yake yamezungukwa na neema. Hapo mkulima hana njia ila mbili: kuyashusha maji au kuinua ardhi. Kuyashusha maji kwataka mtaro mkubwa na mteremko wa kutosha, nayo ni kazi ya halmashauri. Kuinua ardhi kwataka jembe.

Jambo hili huhesabiwa kuwa dogo, la watu wa bustani. Walakini katika nchi iliyozunguka Mwanza lina historia ndefu, na sehemu ya historia hiyo ni ya ugomvi mkubwa.

Kulima kwa matuta hakukuletwa Usukuma na Wazungu. Msukuma aliijua ardhi yake kwa ngazi, kuanzia mlimani hadi bondeni, na kila ngazi ilikuwa na jina. Udongo wa kichanga ulio chini ya mawe aliuita luseni; ulio chini yake, wenye tabaka gumu lisilopitisha maji, itogolo; na udongo mweusi wa mfinyanzi wa bondeni ni mbuga. Katika mwaka wa 1935 Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyefanya kazi Amani, aliwapa wataalamu wa dunia neno la kueleza mfuatano wa namna hii, akauita katena, yaani mnyororo. Neno lilikuwa jipya, ila jambo lenyewe wakulima wa Usukuma walikuwa wamekwisha kulipa majina pingili kwa pingili. Kwenye luseni tuta lilikuwa la kukusanya udongo mzuri na kufukia magugu yawe mbolea. Kwenye itogolo, ambapo maji ya mvua husimama juu ya tabaka gumu, tuta lilikuwa la kuuokoa mzizi. Jembe ni lile lile na umbo ni lile lile, lakini sababu zatofautiana. Nao walioandika sheria baadaye hawakuipima tofauti hiyo ipasavyo.

Katika kisiwa cha Ukara, kaskazini ya Ukerewe, njia ilikuwa kinyume kabisa. Wakara ni wengi na kisiwa chao ni kidogo, kwa hiyo walilazimika kulima kwa uangalifu usio na kifani katika sehemu hizi. Thornton na Rounce waliandika habari zao mwaka wa 1936, katika toleo la kwanza la jarida la Tanganyika Notes and Records, wakaeleza jinsi ng'ombe walivyofungwa ndani ya nyumba ili samadi isipotee, na jinsi watu walivyochimba mashimo mapana kando ya ziwa, hata wakayakaribia maji ya ardhini, wakapanda humo majani ya kulisha mifugo. Mkara aliishusha ardhi iyafuate maji, naye Msukuma wa itogolo aliiinua iyakimbie. Wote wawili walikuwa wakitafuta jambo moja, yaani kimo kinachofaa baina ya mzizi na maji, na kila mmoja alikipata kwa jembe lake bila ya kuamriwa na mtu.

Amri ilikuja baadaye. Katika kituo cha utafiti cha Ukiriguru, kusini ya Mwanza, wataalamu wa pamba waliona kwamba tuta peke yake halitoshi. Mfereji ulio baina ya matuta mawili huwa njia ya maji, na mvua kubwa ikinyesha huuchukua udongo na kuupeleka bondeni. Dawa yao ilikuwa kuukatiza mfereji kwa vituta vidogo kila baada ya hatua chache, ili kila kipande kiwe kama bakuli, maji yasimame na kunywewa na ardhi. Majaribio yalionyesha faida, hasa miaka ya mvua haba. Basi ulipoanza Mpango wa Maendeleo ya Usukuma mwaka wa 1947, ukaendelea hadi 1956, matuta yaliyokatizwa hivyo yakawa sheria, pamoja na sheria za samadi, za kung'oa miti ya pamba, na za kupunguza ng'ombe. Asiyefuata alitozwa faini.

Hapana haja ya kueleza kwa urefu jinsi sheria hizo zilivyopokewa. Kukatiza mifereji kulikuwa kazi nzito wakati ule ule wa palizi na kupanda, na shamba la itogolo lililokatizwa mwaka wa mvua nyingi lilizama, kwani sheria haikujua kwamba tuta la pale lilikuwa la kuyatoa maji na wala si la kuyafunga. Vyama vya wakulima wa pamba, ambavyo Paul Bomani alikuwa mmoja wa viongozi wake wakubwa, vilipata nguvu katika miaka hiyo. TANU ilizuiwa kufungua matawi katika Jimbo la Ziwa tangu 1954 hadi 1958. Mwaka wa 1958 zilipotokea ghasia za Geita, serikali ililegeza kamba, na sheria za kilimo za kulazimisha zikaachwa moja baada ya moja. Kule Uluguru amri ya kujenga ngazi milimani ilikuwa imekwisha kuleta umwagaji wa damu katika mwaka wa 1955. Basi neno tuta likabaki katika masikio ya wazee kama neno la bwana shamba na faini. Wengi waliobomoa vituta vile vya kukatiza walikuwa na haki. Lakini pamoja na amri mbaya likatupwa wazo zuri, na wazo hilo litarudi katika habari hii.

Uhuru wa Tanganyika ulikuja Desemba 1961, nao ulikuja na mvua. Msimu ule ulinyesha kupita kawaida katika Afrika ya Mashariki yote, na Ziwa Viktoria likaanza kupanda. Bwawa la Owen Falls, huko Jinja, lilikuwa limefunguliwa mwaka wa 1954, na ni rahisi kudhani kwamba ndilo lililoyazuia maji. Sivyo. Sehemu kubwa ya maji ya ziwa hili, karibu asilimia 80, hutoka katika mvua inyeshayo juu ya ziwa lenyewe, nayo hupungua zaidi kwa kukaushwa na jua kuliko kwa kutoka katika mto Naili. Mvua ikizidi, ziwa hupanda, bwawa liwepo lisiwepo. Baina ya 1961 na 1964 lilipanda kwa kiasi cha mita 2 na nusu. Mwambao uliokuwa mashamba ukawa maji, na miaka mingi ikapita kabla ya ziwa kurudi kimo chake cha zamani.

Mabatini haikufikiwa na ziwa lenyewe. Lakini mvua zile zile zilizoinua ziwa hujaza pia udongo wa mabonde. Na kijito kikikuta ziwa limepanda, kinapoteza sehemu ya mteremko wake wa mwisho, maji yakachelewa kutoka. Kwa hiyo kimo cha maji ya ardhini katika bonde la Mwanza si kitu kilichowekwa mara moja. Chapanda na kushuka kwa msimu, tena kwa mzunguko mrefu wa miaka, hata tuta lililotosha kwa baba laweza lisimtoshe mwana. Mwaka wa 2006 ziwa lilishuka mno, na wengi wakadhani kwamba ardhi iliyofunuliwa ni yao milele. Mwezi wa Mei 2020 likafikia tena kimo cha 1964, na kwa kipimo cha Jinja likakipita kidogo.

Baina ya miaka hiyo mji ulikua. Reli ya kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka wa 1928; pamba, samaki na viwanda vikaleta watu; mwaka wa 2000 Mwanza ikaitwa jiji. Hesabu ya watu ya 2012 iliwakuta watu 706,453 katika wilaya zake mbili, Nyamagana na Ilemela, na ile ya 2022 ikawakuta zaidi ya milioni 1.1. Mabomba ya majitaka hayakukimbia kwa mwendo huo. Wakati huo huo serikali yenyewe ilikuwa imewaambia watu wa mijini walime. Njaa ya miaka ya 1974 na 1975 ilizaa wito wa Kilimo cha Kufa na Kupona, na hakuna aliyekatazwa kupanda mboga mahali palipokuwa wazi. Mabonde ndiyo yaliyokuwa wazi, kwa kuwa hayakufaa kujengwa. Mwaka wa 1992 zikatoka kanuni za kilimo cha mijini, ambazo hazikumruhusu mtu kushika zaidi ya ekari 3. Na Sheria ya Mazingira ya 2004 ikakataza shughuli zitakazoharibu kingo ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Katika bonde jembamba mita 60 kila upande humeza bonde zima. Basi mwana wa yule aliyehimizwa mwaka wa 1974 anaweza kuitwa mvunja sheria juu ya tuta lile lile.

Hapa yafaa kutazama kwa makini tuta hilo lafanya nini, maana hukumu juu ya mkulima wa bondeni mara nyingi hutolewa na watu wasioitazama kazi yake.

Tuta hufanya mambo mawili. La kwanza ni kuupa mzizi hewa, na hili mkulima alijua tangu mwanzo. La pili ni kuongeza unene wa udongo usiolowa baina ya majitaka yamwagwayo na maji yaliyo chini. Unene huo ndio chujio. Katika udongo wenye hewa, vijidudu vya maradhi hunaswa na kufa, na mayai ya minyoo hubaki karibu na uso wa ardhi. Katika udongo uliojaa maji, vijidudu husafiri mbali zaidi, hata vikafika katika kisima cha jirani. Kwa hiyo kila kiganja cha udongo kiongezwacho juu ya bonde ni faida kwa mchicha na pia kwa anywaye maji ya kisima. Walakini udongo wa mfinyanzi huyavuta maji juu kama utambi uvutavyo mafuta, kupita mchanga. Tuta la mfinyanzi laweza kuonekana refu hali ndani yake limelowa karibu na uso. Afadhali tuta la mchanga wa kutoka mlimani. Lakini nani ataubeba mchanga kutoka mlimani, na nani atalipa?

Aghalabu hakuna. Udongo wa tuta huchukuliwa kando ya tuta lenyewe, na mahali ulipochukuliwa pawa mfereji. Hapa ndipo penye uzito wa jambo lote. Mfereji huyakusanya majitaka na kuyapeleka mbio mtoni. Kabla ya matuta, maji yale yalipita polepole katika majani na mafunjo, yakiacha uchafu wake njiani. Baada ya matuta yana barabara.

Mfano ulioandikwa vizuri zaidi katika mwambao wa ziwa hili ni wa Kampala. Majitaka ya mji huo, pamoja na yale yaliyotoka katika mitambo ya Bugolobi, yalipita kwa miaka mingi katika kinamasi cha Nakivubo kabla ya kuingia katika Ghuba ya Murchison. Na ghuba hiyo ndiyo iliyokuwa pia na mitambo ya Gaba, ambayo huvuta maji ya kunywa. Mafunjo yalikuwa walinzi baina ya kinywa cha mji na choo chake. Watu wakaingia katika kinamasi, wakainua ardhi na kupanda magimbi na miwa, nao hawakufanya hivyo kwa ukorofi bali kwa sababu ya chakula. Frank Kansiime na Maimuna Nalubega, katika kitabu chao cha 1999, walieleza jinsi kinamasi kile kilivyosafisha majitaka na jinsi maji yapitayo haraka katika njia finyu yanavyokosa kusafishwa. Mwanza nayo huvuta maji yake ya kunywa katika ziwa, na kituo cha zamani cha kuyavuta kipo Capri Point, upande ule ule wa mji. Bustani ya mchicha na bomba la mtu asiyepata kuiona bustani hiyo vina uhusiano, na mfereji ndio kiungo chao.

Basi lile wazo lililotupwa mwaka wa 1958 larudi. Kituta cha kukatiza, ambacho kwenye shamba la pamba kilikusudiwa kufunga mvua, kwenye bustani ya majitaka kingeweza kuyatuliza maji katika vipande vipande, uchafu mzito utue chini na mayai ya minyoo yazame pamoja nao. Haya si mawazo ya hewani tu. Mabwawa ya kutibu majitaka yamejengwa juu ya kanuni iyo hiyo ya kutuliza. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya 1989 ilihesabu siku 8 hadi 10 za kutulia bwawani kuwa zatosha kuondoa mayai ya minyoo, ikataka maji ya kumwagilia mboga zinazoliwa mbichi yasiwe na zaidi ya yai 1 kwa lita. Mifereji ya bustani haiwezi kuyashika maji siku 8. Lakini hata siku moja ni zaidi ya saa moja.

Ila Mwanza si mahali pa kusifu maji yaliyosimama bila kusita. Katika miaka ya 1950 mji huu ulikuwa makao ya taasisi ya Afrika ya Mashariki iliyochunguza matende na kichocho, na haikuwekwa hapa kwa bahati. Mbu wa jamii ya Culex hupenda kuzaa katika maji machafu yaliyotulia, na konokono wa kichocho hutafuta maji yasiyokwenda mbio. Mganga alitaka maji yatoke na bwana shamba akataka yakae, na wote wawili walikuwa watumishi wa serikali moja katika mkoa mmoja. Mtu wa bondeni aliposikia mashauri ya mmoja alikuwa akimwasi mwingine.

Liko tena jambo la jirani. Mwenye fedha haridhiki na tuta. Hununua kifusi, malori yakamwaga mawe na moramu, na uwanja wake ukapanda juu ya bonde. Hapo si kilimo tena, ni ujenzi. Maji ya mafuriko ambayo yangetandaa katika uwanja huo hayapotei. Huenda kwa yule asiyeweza kununua kifusi. Watu wa Mabatini na wa mitaa iliyo kando ya Mirongo wameyaona mafuriko ya mto huo mara nyingi, na kila ukuta mpya ulioinuliwa ukingoni huyabana zaidi. Tuta la mkulima angalau hufunikwa na mafuriko na kuyaacha yapite. Ajabu ni kwamba mwenye tuta ndiye anayeondoka kwa urahisi akiamriwa, kwa kuwa hana hati wala ukuta.

Wengine wamelikwepa tatizo kwa kuchagua mmea. Huko Mabogini, chini ya Moshi, maji yanayotoka katika mabwawa ya majitaka hunywesha majaruba ya mpunga, na mpunga hautaki kuinuliwa. Wapenda kusimama ndani ya maji, tena punje yake hupikwa. Katika bonde la Mwanza magimbi na miwa yangeweza kufanya kazi hiyo, lakini gimbi huchukua miezi mingi na mchicha huchumwa baada ya wiki chache. Anayelipa kodi ya chumba kila mwezi hawezi kulisubiri gimbi.

Mbali sana na hapa, katika Xochimilco, kusini ya jiji la Mexico, kuna bustani za kale zilizoinuliwa ndani ya ziwa kwa matope na majani, zikiwa zimezungukwa na mifereji. Mwanzoni mwa karne ya 20 jiji lilizichukua chemchemi zake kwa maji ya kunywa, na mifereji ikaanza kukauka. Baadaye ikajazwa kwa majitaka yaliyotibiwa katika mitambo ya Cerro de la Estrella. Hivyo bustani iliyobuniwa kwa maji safi ya ziwa ikawa ya majitaka bila ya kubadili umbo lake. Tofauti na Mwanza ni moja, lakini kubwa: kule maji hutibiwa kabla ya kufika katika mfereji. Mwanza nayo ina mabwawa ya kutibu majitaka, huko Butuja, na katika miaka ya karibuni mabomba membamba ya majitaka yametandazwa katika mitaa kadhaa ya vilimani ambako gari la kunyonya vyoo haliwezi kupanda. Kila nyumba iungwayo huko ni ndoo chache zilizoondoka katika kijito. Mkulima wa chini hupata maji safi zaidi, naye pia hupata maji machache zaidi, pamoja na mbolea iliyopungua. Na katika mipango ya mabomba hakuna aliyemhesabia hasara hiyo.

Kila baada ya masika tuta huwa limeporomoka, kwa kuwa mvua huliosha na uzito wake hulididimiza. Mkulima hulirudishia kimo chake kwa udongo ulio karibu, yaani tope lililotua mferejini mwaka mzima. Tope hilo ni jeusi na lina rutuba, na ndilo lenye mayai ya minyoo, na ndilo lenye kila kilichomwagwa na gereji na karakana za juu. Kishe na Machiwa, waliochapisha mwaka wa 2003 uchunguzi wao wa metali nzito katika mashapo ya Ghuba ya Mwanza, walikuwa wakipima mwisho wa safari ya vitu hivyo, chini ya ziwa. Sehemu nyingine ya vitu hivyo haikufika ziwani. Ilizolewa kwa jembe kutoka mferejini, ikawekwa juu ya tuta, ikasawazishwa kwa mkono, na mbegu zikanyunyizwa.